Jibu la Msomaji: Kutoka Mlangoni Hadi Kwenye Ufagio

Mhariri,

Swali lenu la juma lililopita liliuliza kama jina la kazi likishuka hadhi inafaa libadilishwe, au libaki na litetewe. Ninaomba kulijibu kwa kufuata safari ya neno moja tu la Kiingereza, kwa kuwa safari hiyo naijua na kwa kuwa neno lenyewe nililibeba kifuani kwa miaka tisa, likiwa limeandikwa kwenye beji. Neno hilo ni "janitor". Kwa Wamarekani wa leo humtaja mtu anayefagia na kupiga deki, anayemwaga taka, anayebadilisha taa zilizoungua na kuzibua vyoo vilivyoziba katika shule, ofisi au jengo la kupangisha. Mimi nilikuwa mtu huyo, zamu ya usiku, katika shule moja ya jimbo la Ohio.

Wiki niliyoajiriwa nilimpigia simu marehemu baba yangu, Mombasa. Aliponiuliza nimepata kazi gani, sikuwa na neno la Kiswahili lililonikaa ulimini, basi nikafungua kamusi ya Kiingereza nikaona kwamba asili ya neno hilo ni Kilatini na kwamba maana yake ya kwanza ni mlinzi wa mlango. Nikamwambia, "Baba, nimekuwa bawabu." Akamshukuru Mungu, akasema, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya amana, ishike vizuri." Maneno yake yalinielemea, kwa sababu nilijua kwamba usiku ule ningeshika dekio wala nisingeketi mlangoni, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta kujua ni lini na kwa sababu gani mtu wa mlango aligeuka kuwa mtu wa ufagio.

Katika Kilatini, "ianua" ni mlango wa nyumba na "ianus" ni njia ya kupitia yenye tao. Kutokana na neno hilo la pili alipata jina Janus, mungu wa Waroma mwenye nyuso mbili, mmoja ukitazama ndani na mwingine nje, na kutokana naye ukapata jina mwezi wa Januari, ambao sisi Waswahili tunautaja kila mwaka bila kufikiri kwamba tunataja mlango. "Ianitor" alikuwa mwenye kukaa hapo mlangoni. Katika nyumba za matajiri wa Roma kwa kawaida alikuwa mtumwa, na kulikuwa na desturi ya zamani ya kumfunga kwa mnyororo ili asiondoke mahali pake. Mshairi Ovid, aliyeishi zama za Kaisari Augusto, anayo beti za kijana aliyesimama nje usiku akimsihi bawabu amfungulie mlango japo kidogo tu, na anaanza kwa kusikitika kwamba mtu huyo amefungwa mnyororo mgumu asiostahili. Beti hizo nimezisoma mara nyingi, kwa sababu ndani yake mwungwana anambembeleza mtumwa. Mwenye mnyororo ndiye mwenye komeo, na usiku ule mzima hakuna fedha wala nasaba inayoweza kumpita.

Kwa hiyo si kweli kwamba neno lilianza juu kisha likaporomoka, kama watu wengi wanavyodhani. Lilianza likiwa na vitu viwili kwa pamoja, udhalili wa mtumwa na mamlaka ya mlango. Upande ule wa mamlaka ndio uliolipeleka mbali. Mshairi mwingine wa Roma, Virgil, alimwita kwa jina hilohilo Cerberus, jibwa lenye vichwa vitatu linalolinda kuzimu, na tenzi za Kilatini za Kanisa zikamwita Mtakatifu Petro "ianitor" wa mbinguni, kwa ajili ya zile funguo alizokabidhiwa. Msomaji Mwislamu hatapata taabu kuelewa picha hiyo, kwani yeye naye amefundishwa tangu utotoni kumtaja Ridhwani kuwa bawabu wa Pepo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba Roma ilikuwa na mtu mwingine wa mlangoni ambaye jina lake lilipanda ngazi badala ya kuzishuka. Mahakamani palikuwa na kizuizi cha fito zilizopishana, kikiitwa "cancelli", kilichotenga mahakimu na umma, na mtumishi aliyesimama hapo kuwaruhusu watu au kuwazuia aliitwa "cancellarius". Karne zilivyopita, mtumishi huyo alisogea karibu na meza ya hakimu, akawa karani, akashika mihuri na nyaraka, na katika falme za Ulaya akawa mwandishi mkuu wa mfalme. Leo jina lake ndilo analoitwa kiongozi wa serikali ya Ujerumani, ambaye magazeti yetu humwita Kansela. Watumishi wawili wa chini walisimama kwenye vizuizi viwili vya Roma. Jina la mmoja liko Berlin kwenye kiti cha serikali, na jina la mwingine liko kwenye kabati la mifagio. Mimi nasema kilichowatenganisha si asili ya maneno yao, bali ni kile walichokabidhiwa baadaye: mmoja alipewa kalamu, mwingine akapewa moto wa kuuchochea.

Kiingereza kililipokea neno "janitor" katika karne ya 16, wakati wasomi walipokuwa wakichota Kilatini kwa wingi, na kwanza lilitumika kwa watu wa shuleni. Katika karne ya 17 lilikuwa likimaanisha bawabu tu. Mwanzoni mwa karne ya 18 linaanza kuonekana likimtaja mtu anayetunza jengo zima na kuhakikisha kwamba vyumba ni safi na vimepangika. Ukilifikiri jambo hili kwa utaratibu halina ajabu. Aliyekaa langoni kutwa nzima ndiye aliyekuwa na funguo zote, mwenye funguo zote ndiye aliyefungua vyumba asubuhi kabla wengine hawajafika, na aliyefungua mapema ndiye aliyeambiwa awashe moto na afagie kabla ya kengele kulia. Kazi ilimfuata kwa sababu ya funguo. Uskoti imehifadhi hatua hiyo mpaka leo, kwani mtunzaji wa shule huko bado huitwa "janitor", na watoto hulifupisha kwa mapenzi kuwa "jannie", ilhali Uingereza penyewe watu wengi husema "caretaker".

Ni Marekani ndiko neno lilikosukumwa hadi mwisho wa njia hiyo. Miji kama Chicago ilipojaa majengo ya kupangisha yenye kupashwa joto kwa mvuke, kila jengo lilihitaji mtu wa kupakia makaa kwenye boila, kuzoa majivu, kutoa taka na kuamka usiku wa baridi kali bomba lilipopasuka. Mara nyingi aliishi na familia yake katika chumba cha chini ya ardhi, pembeni mwa boila hiyo. Watu hao ndio waliokuwa mstari wa mbele katika kuunda, mwaka 1921 mjini Chicago, chama cha wafanyakazi wa majengo ambacho leo ni kimojawapo cha vyama vikubwa vya wafanyakazi Marekani, kikijulikana kwa herufi SEIU. Mwaka 1952 mwanasosholojia Ray Gold alichapisha utafiti aliofanya miongoni mwao, na humo anaeleza jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi hii analijua: msafishaji huwafahamu wapangaji kupitia taka zao, anajua nani ana madeni na nani anajitia utajiri asio nao. Baadhi yao walikuwa na kipato kinachozidi cha wapangaji waliowadharau, na dharau haikupungua kwa sababu hiyo. Hapo naona kwamba fedha peke yake haitoshi kueleza kushuka kwa neno, kwani kinachodharauliwa ni kugusa uchafu wa mwingine.

Sasa nifike kwenye swali lenu lenyewe. Wamarekani wengi, hasa shuleni, waliona aibu kulitumia neno "janitor" wakalibadilisha kwa "custodian", ambalo nalo ni la Kilatini na maana yake ni mlinzi. Shuleni petu mabadiliko hayo yalifanyika nikiwa katika mwaka wangu wa tatu. Tulikabidhiwa beji mpya asubuhi moja, bila mtu yeyote kutuuliza, na mshahara ukabaki uleule, na chumba cha kupumzikia kikabaki kilekile kisicho na dirisha. Baada ya muda mfupi nikawasikia wanafunzi wakilitamka neno jipya kwa sauti ileile ya kubeza waliyokuwa wakilitamkia la zamani.

Linganisha na yaliyotokea kwingineko. Katika miaka ya 1980 wenye majengo makubwa ya ofisi waliikabidhi kazi ya usafi kwa wakandarasi walioshindana kwa kulipa kidogo, na mishahara ikaanguka. SEIU ikaanzisha harakati kutoka mji wa Denver, na ilipoipa jina haikulikimbia neno lililochakaa. Iliita "Justice for Janitors", yaani haki kwa watu hao, kwa jina lao hilohilo. Tarehe 15 Juni 1990 wasafishaji waliogoma huko Los Angeles, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na Meksiko, waliandamana katika eneo la Century City na polisi wakawapiga kwa virungu mbele ya kamera. Mwaka huohuo walipata mkataba, na tarehe hiyo bado inaadhimishwa. Neno waliloliandika kwenye mabango yao halikuhitaji kupakwa rangi.

Sisi nasi tuna mfano wetu, na ni lazima niutaje kwa haki kwa sababu unanipinga kidogo. Kiswahili kiliwahi kumwita msafisha vyoo "topasi", neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, ambako zamani liliwataja watu waliodai asili ya Kireno kabla ya kuwashukia wafagiaji wa melini. Kwetu likawa tusi, mtoto mvivu wa shule akitishiwa kwamba ataishia kuwa topasi. Leo tunasema mhudumu au mfanyakazi wa usafi, nami naona ni sawa, kwa maana sijapata kumsikia mwenye kazi hiyo akilidai jina la zamani kuwa ni lake. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wenye kazi ndio waulizwe kwanza. Los Angeles wao wenyewe walilichagua neno lao. Shuleni petu tulibandikwa jipya.

Neno "bawabu" tulilichukua kutoka Kiarabu, kutoka "bab", mlango, nalo ni ndugu ya bawaba inayoubeba mlango huo. Huko Cairo bawabu naye amepitia njia ileile, kwani anayeketi kwenye kizingiti cha jengo ndiye pia anayefagia ngazi, anayeosha magari na kuwapandishia wapangaji vifurushi vyao.

Katika mwaka wangu wa nne nilimtumia baba picha yangu nikiwa kazini, kwa kuwa sikutaka aendelee kuamini jambo ambalo sikumweleza sawasawa. Nilisimama katika ushoroba mrefu, ndoo na dekio pembeni. Aliitazama kwa muda, kisha akapiga simu akaniuliza lile fungu la funguo lililoninginia kiunoni ni la nini. Nikamwambia ni la milango yote ya shule, na kwamba usiku hakuna anayeingia ila kwa mimi kumfungulia. Akasema, "Basi wewe ni bawabu," akaendelea kuniita hivyo mpaka alipofariki.