Muulize Msomaji Alichokea Wapi

Ukimpa mtu hadithi yako kisha ukamuuliza "umeionaje?", hutapata cha maana. Huku kwetu Mtwara watu wana haya ya kukuvunja moyo. Atakwambia "hongera, nzuri sana", nawe utarudi nyumbani na kurasa zilezile. Mimi siku hizi nauliza: "Ni wapi ulitaka kuiweka chini?" Hapo mtu anajiona ameruhusiwa kusema, na anasema.

Kwenye kikundi chetu tunasomeana kwa sauti. Kijana mmoja alileta hadithi ya familia ya wakulima wa korosho. Baba anapuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, wiki inayofuata anauza mnadani, ada ya mtoto inalipwa. Wenzake tukasifia lugha, na kweli lugha ilikuwa tamu. Aliyetufumbua macho ni mama mmoja mkulima wa Tandahimba aliyekuja kumchukua binti yake.

"Mwanangu, umeandika vizuri. Ila salfa tunapuliza mikorosho ikitoa maua, Juni, Julai. Mnada ni Oktoba. Hiyo miezi ya katikati hao watu wamekula nini?"

Kijana akaanza kujitetea kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Wengi wetu ndipo tunapopoteza kila kitu, kwa sababu ukishaanza kujibu, mwenzako ananyamaza kwa heshima na yaliyobaki moyoni mwake huyapati tena. Nilimsihi aliandike lile swali kwenye daftari kama lilivyosemwa, ashukuru, basi.

Aliporudi na rasimu mpya, ile miezi ya njaa ilikuwa ndiyo hadithi yenyewe. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeshambulia maua. Deni la dukani linapanda. Anakuja mnunuzi wa kangomba, wale wanaonunua kimagendo nje ya mnada, na hela mkononi, anataka korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bei ya kutupa, na baba anakubali huku mama akimtazama. Baadaye mabibo, matunda yanayobeba korosho, yanaanguka, watoto wanaokota na kunyofoa korosho, wanaanika, na kila mmoja anajua gunia lipi si lao. Nilisikia watu wakivuta pumzi wakati anasoma. Yote hayo yalitoka kwenye swali la mtu ambaye hajawahi kuandika hadithi.

Kumbuka pia kwamba yule mama hakumwelekeza aandike nini. Wapo wanaopenda kukuandikia upya kazi yako. Kwao chukua pale walipokwama, halafu utafute njia yako mwenyewe. Na wasomaji wawili wasiojuana wakikwama kwenye aya ileile, hata kama kila mmoja ana sababu yake, aya hiyo ina walakini. Anayekutukana bila kugusa maandishi, mwache apite.

Kukataa kunaruhusiwa. Msomaji mmoja wa Dar es Salaam alitaka nimwondoe bibi wa Kimakonde mwenye ndonya, akisema vijana wa sasa hawaijui. Bibi nimembakiza, kumfuta kwa sababu hajulikani ni kumfuta mara ya pili. Lakini hoja ya msomaji ilikuwa na uzito wake: kutaja ndonya tu hakutoshi kwa asiyewahi kuiona. Kwa hiyo sasa kile kipande cha mti kinaonekana kwenye mdomo wa juu, na bibi anakishikilia kwa vidole anapokunywa uji.

Maneno yakikuchoma, lala nayo. Usiguse rasimu usiku huohuo, wala usimpigie mtu simu. Asubuhi soma ulichoandika kwenye daftari. Mara nyingi kilichouma ni sauti ya msemaji, na hoja yenyewe inarekebishika kabla ya chai.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Rasimu za wasomaji wangu wa Newala na Tandahimba nazituma kabla ya Oktoba. Minada ikishaanza, kila mtu yuko shambani au kwenye chama cha msingi cha ushirika akifuatilia mzigo wake, na ukimpelekea hadithi wakati huo atakujibu "nzuri sana" ili mradi uondoke.