Fluti kupulizia ndani ya piano: kwa nini mwitikio hausikiki

Mkuu, umeuliza kwa nini ule ukurasa ambao mtunzi anataka fluti ipulizie nyuzi za piano, kwenu unatoka kimya. Mara nyingi kosa liko kwa mpiga piano.

Noti zenye kichwa cha almasi hazilii. Zinabonyezwa polepole mpaka chini, nyundo isiguse uzi, ili vizimio (vile vipande vya felti vinavyozima nyuzi) viinuke na nyuzi hizo zibaki huru kuitikia sauti ya fluti. Fluti ikipiga A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), hauitikii uzi wowote tu: inaitikia A hiyohiyo, A ya 220, D ya karibu 147 (ukiizidisha mara tatu unaipata 440) na A ya 110. Mimi ningeziamini zaidi za chini, maana uzi mrefu hukaa na sauti.

Pedali ya kati ndiyo mtego. Hushika vile vizimio vilivyokwisha kuinuka tu. Ukiikanyaga huku ya kulia (inayoinua vizimio vyote) ingali chini, inashika vyote, na badala ya A safi unapata ukungu wa piano nzima. Kwa hiyo: ya kulia iachiwe, noti zibonyezwe, ya kati ikanyagwe, ndipo vidole vitoke. Kwenye piano nyingi za kusimama pedali ya kati ni ya kufifisha sauti tu, hivyo shikilia noti kwa mkono wa kushoto.

Kwa mpiga fluti: sauti yake hutoka kwenye tundu la mdomo na kwenye matundu yaliyo wazi, hairushwi mbele kama ya tarumbeta. Asogeze tundu la mdomo karibu na nyuzi, sentimita 20 hadi 30. Tuni nayo: akipuliza kwa nguvu hupanda, akipuliza kwa upole hushuka. Yeye akiwa 442 na piano 440, nyuzi zinaitikia kwa shida.

Halafu noti ikatwe ghafla. Nyuzi zinalia tangu mwanzo, ila fluti inazifunika. Akiififisha taratibu, hakuna atakayejua fluti imeishia wapi na piano imeanzia wapi. Pumziko la mapigo manne kwa mwendo wa 60 (mapigo 60 kwa dakika) ni sekunde nne kamili, msilikimbize. Feni zizimwe.

Na kitambaa kiwe karibu. Maji ya pumzi yakidondokea nyuzi za chuma ni kutu, na mwenye piano hatawafungulia kifuniko tena.