Kupe wamezidi hadi mlimani: ni joto?

Ndugu yangu wa Walungu, huko Kivu Kusini, pole sana kwa ndama uliyempoteza. Unauliza kama joto ndilo limeleta kupe kwenye malisho yenu ya juu, na kama majani nayo yameharibika kwa sababu hiyo.

Joto linachangia, ila si peke yake. Kupe wa kahawia, yule wa masikioni, hutaga mayai ardhini. Pakiwa na joto na unyevu mayai huanguliwa upesi. Pakiwa na baridi hukawia, na jua kali la ukavu huyaua. Mlima ukipata joto huku mvua ikiendelea, kupe wanapata makao. Lakini ng'ombe aliyenunuliwa sokoni naye huwapandisha, kwa hiyo kagua kwanza wageni zizini.

Majani? Kwenye joto nyasi hukomaa haraka, nyuzi zinazidi na protini inapungua. Kata matete yakiwa machanga.

La haraka ni hili. Kimelea cha homa ya kupe, Theileria parva, kwa kawaida huhitaji kupe anyonye siku kadhaa ndipo kimwingie ng'ombe. Basi kila jioni geuza masikio ya ndama, toa kupe, kisha papasa chini ya sikio. Ukikuta tezi imevimba na mwili unachoma, ita veterinere usiku huohuo. Inaniuma kuona watu wakidunga sindano ya tetrasikilini, dawa ya bakteria, pekee na kungoja: haitoshi. Mwombe buparvakwoni, dawa inayopiga kimelea chenyewe, kabla ndama hajaanza kuhema kwa shida.