Waya Mtupu au Plagi: Nilivyoamua Kuunganisha Spika Zangu

Kwa miaka mingi niliunganisha spika zangu kwa waya mtupu, yaani ncha iliyomenywa na kubanwa moja kwa moja kwenye terminali, na sikuona sababu ya kununua plagi mpaka siku uzi mmoja mwembamba wa shaba ulipochomoza kutoka terminali nyekundu ukagusa nyeusi. Amplifaya ilijizima papo hapo. Nilisalimika kwa sababu ilikuwa na kinga dhidi ya shoti. Isiyo na kinga hiyo huweza kuunguza transista zake kabla mtu hajaifikia swichi.

Hata hivyo, sidai kwamba plagi huboresha sauti. Waya mtupu uliobanwa barabara hupitisha umeme vizuri kama plagi yoyote, na chenye uzito zaidi ni unene na urefu wa waya wenyewe: shaba ya milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa takribani omu 0.07, ambao ni mdogo sana mbele ya spika ya omu 8.

Tofauti huonekana katika matumizi. Mimi hubadilisha amplifaya mara kwa mara, na kila nilipofungua skrubu nyuzi chache zilikatika, nikalazimika kumenya upya na waya ukazidi kufupika. Plagi ya banana ya milimita 4 huchomekwa na kuchomolewa bila kuugusa waya. Nayo ina kasoro zake: huchomoka mtu akijikwaa, huhitaji nafasi nyuma ya kifaa, na ile hafifu hulegea kwa ndani, mahali usipopaona. Terminali ndogo za kubana kwa springi kwa kawaida haziipokei kabisa, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchagua.

Ukibaki na waya mtupu, menya kama milimita 10 tu, usokote nyuzi zote pamoja, na ukaze skrubu tena baada ya wiki chache. Usiipake ncha risasi ya kulehemia, kosa nililolifanya kwa kudhani naimarisha kiungo, kwa maana risasi ni laini, huendelea kubonyea chini ya skrubu na kiungo hulegea.

Siku hizi natumia plagi upande wa amplifaya na waya mtupu upande wa spika, ambazo hazihami. Kabla ya kuchomoa plagi au kufungua waya kwenye spika, nazima amplifaya kwanza, kwa kuwa ncha mbili zinazoning'inia zikigusana huku upande wa pili ukiwa bado kwenye amplifaya ni shoti ileile ya uzi wa shaba.