Hita yangu ina omu ngapi na wati ngapi?

Ndugu, umesema hita yako ya kuchemshia maji umeipima ikiwa kazini ukapata volti 230 na ampea 6.5, sasa unataka ukinzani wake (kiasi inavyozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu) na nguvu yake (wati). Hesabu yenyewe fupi. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea: 230 ÷ 6.5, unapata omu 35.4 hivi. Nguvu ni volti mara ampea, yaani wati 1,495. Kama kibandiko kimeandikwa 1500W, hita yako ni nzima.

Ila angalia jioni umeme unaposhuka, tuseme hadi volti 180. Usizidishe 180 kwa 6.5 ileile, hapo ndipo wengi huteleza. Mkondo (ampea) nao umeshuka, kinachobaki karibu palepale ni ukinzani. 180 ÷ 35.4 ni ampea 5.1, na nguvu inakuwa kama wati 915 tu. Ndiyo maana sufuria inakaa weee, maji hayachemki.

Ukitaka kuhakiki omu kwa multimita (kifaa cha mkononi cha kupimia umeme), chomoa plagi kwanza. Balbu za zamani za waya usizipime hivyo: zikiwa baridi, ukinzani wake ni mdogo mno kuliko zikiwaka.