Kindle, simu au karatasi: kabla hujatoa pesa

Kila nikitoa Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwenye mkoba, hakosi mtu wa kuniuliza: "Si ungesomea tu kwenye simu?" Simu nayo naisomea, lakini habari fupi. Riwaya hainiendi. Uko katikati ya sura, mara kundi la ukoo la WhatsApp limeanza kudai michango ya harusi. Ukirudi umeshasahau nani kamuua nani.

Halafu kuna suala la kioo. Simu inakumulika machoni. Kioo cha wino wa kielektroniki, kama cha Kindle, kina vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme huzivuta juu au chini, na zikishatulia hazili chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji hukaa wiki kadhaa. Na kwa vile kinategemea mwanga wa nje, jua la saa saba pale kituoni, linaloifanya simu isisomeke, hapa ndilo linalokoleza herufi.

Sasa jiulize unasoma nini. Kama ni PDF za chuo au vitabu vilivyoskaniwa, achana na kifaa cha inchi 6. Herufi zinakuwa kama sisimizi, ukizikuza unaburuza ukurasa huku na huku, na kioo chenyewe ni kizito kubadilika. Utakichukia ndani ya wiki. Tafuta cha inchi 10 (bei yake imechangamka), la sivyo tumia kompyuta. Inchi 6 ni ya EPUB, yaani mafaili ya vitabu ambayo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo.

Ukinunua kilichotumika, kiwashwe mbele yako na ufungue kurasa kadhaa. Mstari au doa lisilohama maana yake kioo kimevunjika ndani, hata kama juu hakina mkwaruzo. Hakikisha pia mwenyewe ameshaondoa akaunti yake.

Vitabu vya Kiswahili je? Vingi bado vinapatikana kwa karatasi tu, kwa hiyo wauza vitabu vya mitumba wa Posta, Dar es Salaam, hawajanikosa. Diwani ndiyo hata ningeipata kielektroniki nisingeitaka. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 hautoshi kwenye kioo kidogo ukikuza herufi. Unakatika popote, kina cha mwisho kinaangukia mstari wa chini peke yake, na macho hayaoni tena vina vya kati vilivyopangana kutoka juu hadi chini.