Kesi ya Jimbo Jingine Haifi Ukihama

Wiki jana dada mmoja wa Dallas, Texas, aliniandikia. Shemeji yake, dereva wa lori, amekamatwa akiendesha gari lake dogo akiwa amelewa, na miaka mingi nyuma aliwahi kuhukumiwa kwa kosa hilohilo Ohio. "Kaka, hiyo ya Ohio si ilishaisha? Faini alilipa."

Haijaisha, dada yangu. Texas inahesabu hukumu za ulevi barabarani kutoka majimbo mengine, ziwe za zamani kiasi gani. Kifungo cha kosa la kwanza kwa kawaida hakizidi siku 180, la pili linafika mwaka mmoja, la tatu ni miaka 2 hadi 10. Halafu kuna leseni ya lori: hukumu ya pili inaifungia maisha, na haijalishi kwamba siku hiyo alikuwa kwenye gari la nyumbani. Huenda akaruhusiwa kuomba upya baada ya miaka 10. Nusu ya watu ninaowajua huku wanalisha watoto kwa lori, na bado tunazungumza habari hizi kama umbea wa harusini.

Mimi niliyajua haya kwa sababu ya mpwa wangu. Tunaishi jimbo la Washington, kusini kidogo ya Seattle. Mama yake yuko Nakuru, kwa hiyo mjomba ndiye baba, ndiye mama, ndiye wa kupigiwa simu saa nane usiku. Kijana aligombana na mtu nje ya baa, akampiga chupa. Alikiri, na hilo sina la kulitetea. Lakini nyuma yake kulikuwa na hukumu mbili za California, za enzi zake za ujinga, na mwendesha mashtaka alizileta zote.

Washington adhabu ya kosa kubwa inasomwa kwenye jedwali. Upande mmoja uzito wa kosa, upande wa pili alama za makosa yako ya nyuma, kuanzia 0 hadi 9 au zaidi. Kwa kosa lake, alama 2 zilimaanisha zaidi ya miezi 12 hadi 14, yaani gereza la jimbo. Alama 1 ilikuwa miezi 6 hadi 12, na hiyo unaimalizia jela ya kaunti, karibu na nyumbani. Alama moja tu, jamani.

Wakili wa kijana, anayelipwa na kaunti kuwatetea wasio na uwezo, alinionyesha karatasi ya historia ya makosa. Safu ya kosa, safu ya mahakama, safu ya tarehe, na chini kabisa mstari wa mshtakiwa kutia sahihi. Mpwa wangu alikuwa tayari ameshika kalamu. "Mjomba, si ni kweli nilifanya?" Nikamwambia weka kalamu chini, mwache wakili asome kwanza.

Kosa mojawapo lilikuwa lile la California la kuingia jengo kwa nia ya kuiba. Kwa sheria ya huko ya wakati ule, kabla haijalegezwa mwaka 2014 kwa wizi mdogo wa dukani, ukiingia duka lililo wazi mchana kweupe, umepita mlangoni kama wateja wengine, na moyoni unataka kuiba, tayari ni kosa. Washington inataka pia uwe umeingia pasipo ruhusa. Kwa hiyo jina la kosa ni lilelile, lakini viungo vyake, yaani mambo yanayopaswa kuthibitishwa, havilingani, na hukumu ya jimbo jingine isiyolingana na kosa kubwa la Washington haipewi alama. Mzigo wa kuthibitisha ulinganifu huo ni wa upande wa mashtaka. Ila ukitia sahihi kwamba unakubali orodha, umewabebea mzigo wao mwenyewe.

Nilimwandikia karani wa mahakama ya kaunti ile ya California, nikalipia nakala zenye muhuri. Bahasha ilipofika niliipeleka kwa wakili bila hata kuvua koti. Hati ya mashtaka ilisema kijana aliingia jengo la biashara kwa nia ya kuiba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hakuruhusiwa kuingia. (Karatasi kama hizo mpe wakili wako peke yake. Upande wa pili wajitafutie.)

Wala hili si jambo la kubahatisha. Kesi ya Descamps, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2013, ilianzia kwenye mahakama ya shirikisho hukuhuku Washington. Yule bwana alipewa miezi 262 kwa sababu kosa lake la California la mwaka 1978, la aina hiyohiyo, lilihesabiwa. Mahakama ya Juu ikasema halikustahili kuhesabiwa hivyo.

Jaji wetu naye aliliondoa lile la mpwa wangu. Alama ikabaki 1, kijana akapata miezi 9. Najivunia, nisifiche.

Basi, ndugu zangu, ukikamatwa sema yote kwa wakili, hata kesi unayoona aibu. Andika kaunti, mwaka na namba ya kesi. Uliza kama hukumu ya zamani imekwisha muda: huku kosa kubwa la daraja la chini kabisa, C, hufutika kwenye hesabu ukikaa uraiani miaka 5 mfululizo bila hukumu nyingine, na la daraja B miaka 10. Usitie sahihi orodha ambayo wakili hajaisoma. Kama huna uraia, uliza pia habari za uhamiaji kabla ya kukiri lolote. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, wakili ana wajibu wa kukuambia kama kukiri kutakufukuzisha nchini. Na wale wanaoniuliza kuhusu kesi za nyumbani, Kenya au Tanzania: kwenye mahakama za shirikisho hazipewi alama, ingawa jaji anaweza kuzitazama.

Kuna kitu bado kinaniuma. Niliomba mchango kwenye kundi letu la WhatsApp, la nakala na la mtaalamu wa kumshauri wakili. Kundi hilohilo hukusanya maelfu ya dola kwa siku mbili kusafirisha maiti. Kwa kijana aliye hai waliandika "ajipange", wengine wakaweka mikono ya dua. Sasa wawili kati yao wamenipigia, kila mmoja ana mtoto mwenye kesi ya jimbo jingine, wanataka namba ya wakili yule. Nimewapa.